Kufunga moduli za Wi-Fi kwenye taa za nyumba iliyokwisha kujengwa

Moduli ya taa ni kiboksi kidogo, unene wake kama kiberiti, kinachokaa kati ya swichi na taa. Ndani mna rilei ya kuwasha na kuzima, na chipu inayopokea amri kutoka kwenye simu kupitia ruta ya nyumbani. Holda, taa na swichi zinabaki zilezile, na ukuta haubomolewi. Sharti ni moja tu, na ndilo linalovunjwa kwanza kazi ikifanywa ovyo: swichi ya ukutani lazima iendelee kufanya kazi kama zamani. Bibi akija kukaa wiki mbili kutoka Tukuyu asilazimike kuulizia simu ndipo awashe taa ya choo.

Umeme unaochezewa hapa ni volti 230. Kufungua meni swichi na kuvuta waya mpya ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania. Mwenye nyumba anayesoma mwongozo huu atajua anunue nini, amwambie fundi nini, na akague nini kabla ya kulipa.

Fungua swichi kabla ya kununua

Moduli nyingi zinataka laivu (waya wenye moto) na nyutro (waya wa kurudishia umeme) muda wote, hata taa ikiwa imezimwa, kwa sababu chipu yake haitakiwi kulala. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi za Mbeya na Iringa zilizopitishiwa waya mojamoja kwenye mabomba ya plastiki zina mpangilio huu: laivu inashuka kwenye swichi, waya wa swichi unapanda kwenye taa, na nyutro inaruka juu ya dari kutoka taa hadi taa. Ukifungua swichi hukuti nyutro, na ukifungua kwenye taa hukuti laivu ya kudumu.

Nyumba nyingine, hasa zile zenye waya bapa zilizopigiliwa juu ya ukuta kwa klipu, zina laivu, nyutro na waya wa swichi, zote zimekutana kwenye silingi rozi, kile kikombe cha darini cha kuunganishia waya, juu ya taa. Hizo ndizo rahisi. Moduli inakaa juu darini na swichi haiguswi kabisa.

Usiamini rangi. Kwenye waya bapa wenye nyekundu na nyeusi unaoshuka kwenye swichi, nyekundu ni laivu, lakini nyeusi si nyutro. Ni waya wa swichi unaorudi kwenye taa, na fundi alitumia nyeusi kwa sababu ndiyo iliyokuwemo kwenye kebo. Kwenye kebo mpya za kahawia na bluu mtego ni uleule.

Multimita nayo inaweza kukudanganya kama hujui jambo moja. Swichi ikiwa imezimwa na globu ikiwa bado kwenye holda, ukipima kati ya laivu na waya wa swichi unaweza kusoma volti karibu 230, kwa sababu unapima kupitia globu hadi nyutro. Utaruka kwa furaha kwamba umepata nyutro. Toa globu kwanza, kisha upime tena. Kama ni nyutro ya kweli, 230 inabaki palepale. Kama ni waya wa swichi, namba inaporomoka au inayumbayumba kwenye volti chache. Testa ya bisibisi yenye kitaa haitoshi kwa kazi hii.

Pima pia kama swichi inakata laivu kweli. Zipo nyumba ambazo swichi inakata nyutro, taa inazimika lakini holda inabaki na moto. Kosa hilo lirekebishwe kwanza, moduli baadaye.

Kuchagua moduli

Baada ya kujua waya ulizonazo, unaangukia kwenye mojawapo ya njia hizi.

Kama laivu, nyutro na waya wa swichi vipo pamoja kwenye taa, moduli yoyote ya kawaida itafaa.

Kama laivu iko kwenye swichi na nyutro iko juu, watu wengi hukimbilia kuvuta nyutro kushuka ukutani. Inawezekana kama bomba ni la milimita 20 na halijajaa, lakini ipo njia nyepesi. Chukua moduli ambayo tundu lake la swichi linapokea laivu, kama zile za Shelly zenye tundu SW. Fundi apande darini, atafute laivu ya kudumu ya breka ileile inayolisha taa hiyo, na aivute hadi kwenye taa kwa waya wa milimita za mraba 1.5. Sasa kwenye taa una laivu mpya, nyutro ya zamani, na waya wa swichi wa zamani ambao badala ya kuingia kwenye holda unaingia SW. Swichi haikufunguliwa na plasta haikuguswa. Njia hii inafanya kazi hata kwenye korido yenye swichi mbili za njia mbili: swichi zote mbili zinabaki zilivyo, na waya uliokuwa unakwenda kwenye taa ndio unaokwenda SW.

Neno "breka ileile" si la kupamba. Ukichukua laivu ya saketi ya soketi na nyutro ya saketi ya taa, fundi mwingine atazima breka ya taa akiamini kila kitu kimekufa, kumbe hapo juu pana moto. Na kama kila saketi ina kifaa chake cha kugundua uvujaji wa umeme, kitaanguka kila utakapowasha.

Njia ya mwisho ni moduli zisizohitaji nyutro, zinazokaa nyuma ya swichi na kuiba umeme kidogo kupitia taa yenyewe. Mfano ni ZBMINIL2 ya Sonoff, inayobeba ampea 6. Hiyo haitumii Wi-Fi bali Zigbee, mtandao mwingine wa redio, kwa hiyo unahitaji pia kituo chake cha kuunganisha kwenye ruta. Udhaifu wa aina hizi ni taa ndogo za LED. Globu ya wati 3 au 5 inaweza kumetameta au kubaki na mwanga hafifu usiku kucha. Dawa ni kufunga kifaa kidogo cha kupitishia mkondo, kinachouzwa na watengenezaji wa moduli, kati ya laivu na nyutro pale kwenye taa. Ni njia nzuri kwa chumba kimoja ambacho dari yake haifikiki. Kwa nyumba nzima, tafuta laivu darini.

Kuhusu uwezo: lebo ikisema ampea 10, usizidishe mara 230 ukapata wati 2,300 na kudhani unaweza kuwasha taa za uwanja. Taa za LED zinavuta mkondo mkubwa sana kwa sehemu ndogo ya sekunde zinapowashwa, na mshtuko huo ndio unaounganisha vidole vya rilei vikagandana. Dalili yake ni taa isiyozimika hata moduli ikitoa mlio wa "tik". Kwa LED kaa chini ya wati 300 kwa moduli moja, na kama lebo inataja kiwango cha LED, fuata hicho. Taa za ulinzi nne za wati 100 kila moja ziendeshwe na kontakta (swichi kubwa ya sumaku), na moduli iamrishe kontakta tu.

Swichi za kupunguza mwanga kwa kuzungusha haziendi na moduli za kuwasha na kuzima. Badilisha weka swichi ya kawaida.

Vifaa kwa nyumba ya mfano

Tuchukue taa nne: sebule, korido, veranda na taa ya ulinzi nyuma. Unahitaji moduli 4, waya wa 1.5 mita 20 hadi 25 (nyekundu au kahawia, kwa ajili ya laivu), konekta za kubana zenye matundu matatu vipande 12, boksi za plastiki za kuunganishia 4 zenye vifuniko, multimita, bisibisi ndogo bapa, kisu cha kumenyea waya, na tochi ya kichwani kwa ajili ya darini. Vifaa vya kawaida vinapatikana Mwanjelwa (Mbeya) au Miyomboni (Iringa). Moduli zenyewe mara nyingi huagizwa Dar na kuja kwa basi. Agiza tano. Ya tano ni akiba, maana moja ikifa mwezi wa pili hutaki kusubiri huku taa ya veranda haina pa kuunganishwa.

Kufunga

1. Zima meni swichi. Kama nyumba ina inveta au sola, zima nayo pia, kwa sababu saketi ya taa ndiyo kwanza inayounganishwa na inveta na itaendelea kuwa na moto hata meni ikiwa chini. Bandika karatasi kwenye meni: USIWASHE. Watoto na wapangaji huwasha.

2. Pima multimita kwenye sehemu yenye moto wa uhakika, kama soketi ya jirani, kisha pima pale unapofanyia kazi, kisha rudi upime tena sehemu hiyohiyo yenye moto. Mita yenye betri iliyokufa inasoma sifuri popote.

3. Fungua silingi rozi au boksi la taa. Piga picha kwa simu kabla hujalegeza skrubu hata moja. Weka tepu yenye herufi kwenye kila waya: L (laivu), N (nyutro), S (waya wa swichi).

4. Menya waya milimita 6 hadi 7 tu. Shaba ikionekana nje ya tundu umemenya mno; ikiwa fupi, skrubu itabana plastiki badala ya shaba na sehemu hiyo itachemka. Waya wa nyuzi nyingi uvalishwe kichwa cha kubana kwanza.

5. Unganisha. Laivu ya kudumu inaingia L. Nyutro inaingia N, na kwa konekta inaendelea hadi kwenye taa. Tundu la kutokea, lenye alama O au L OUT, linakwenda kwenye laivu ya holda. Ethi (waya wa ardhini) haina tundu kwenye moduli; iendelezwe kwa konekta hadi kwenye mwili wa taa kama ni ya chuma. Usiiache ikining'inia kwa sababu moduli haikuiomba.

6. Tundu la swichi ndipo moduli nyingi zinapofia. Kwenye Shelly, SW inapokea laivu iliyopita kwenye swichi. Kwenye Sonoff Mini, S1 na S2 hazitaki umeme wowote kutoka nje: waya mbili za swichi zinaingia S1 na S2 peke yake, na laivu iliyokuwa ikilisha swichi inaondolewa na kufungwa kwenye konekta. Ukipeleka laivu S1, utasikia "pa" na harufu, na kazi imekwisha. Kinyume chake, usidhani S1 na S2 ni salama kugusa kwa sababu hazibebi laivu. Ndani ya moduli hazijatenganishwa na umeme mkubwa, kwa hiyo swichi ya ukutani bado inastahili kifuniko kizima.

7. Vuta kila waya kidogo kwa mkono. Unaochomoka sasa ungechomoka baadaye wakati dari imefungwa. Kusokota waya na kuzungushia tepu hakukubaliki hapa. Joto la rilei na vumbi la darini vinalegeza tepu ndani ya msimu mmoja.

8. Kabla ya kufunga kifuniko, washa umeme. Jaribu swichi ya ukutani kwanza. Ikiwasha na kuzima taa, nusu ya kazi imekwisha, na hiyo ndiyo nusu muhimu. Kitufe cha moduli usikibonyeze boksi likiwa wazi na kidole kikiwa karibu na skrubu. Tumia kijiti kikavu.

Boksi likae juu ya mbao ya dari, si juu ya jipsamu moja kwa moja, na mbali na bati. Kiangazi bati linachoma, na asubuhi za Juni na Julai huko Njombe, Makete au Uyole upande wake wa ndani hutiririka maji ya ukungu. Tone moja likiangukia kwenye moduli iliyo wazi linatosha. Kwa taa ya nje, moduli ibaki ndani ya nyumba na waya tu ndio utoke.

Kuunganisha na simu

Karibu moduli zote za Wi-Fi zinasikia masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Ruta nyingi mpya zinatoa 2.4 na 5 kwa jina moja, simu inashika 5, na programu inahangaika kutafuta moduli hadi muda unaisha. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, tenganisha majina au zima 5 kwa dakika kumi, unganisha moduli, kisha rudisha. Jina la mtandao na nenosiri viwe vya kudumu. Ukibadilisha nenosiri kila mpangaji akihama, utapanda darini kubonyeza vitufe vyote upya. Heri kufungua mtandao wa wageni kwa ajili ya watu na kuuacha ule wa vifaa peke yake.

Vile viruta vya mfukoni vya laini ya simu vina kikomo cha vifaa, mara nyingi kumi. Simu nne, televisheni, kompyuta na moduli nne, umefika.

Kwenye programu, weka mambo haya kabla hujashuka ngazi:

Hali baada ya umeme kurudi. Ukiacha ilivyotoka kiwandani, LUKU ikiisha saa 8 usiku na ukanunua uniti saa 9, nyumba nzima inaweza kuwaka. Vyumbani weka "zima". Taa ya ulinzi weka "hali iliyokuwepo".

Aina ya swichi. Swichi ya kawaida inayobaki juu au chini iwekewe hali ya kugeuza: kila ikihama, taa inabadilika. Ukiiacha kwenye hali ya kitufe cha kengele, taa itawaka kwa kubonyeza mara mbili na watu watasema swichi imeharibika.

Saa. Programu inahesabu saa 24 na inataka ukanda wa Dar es Salaam au Nairobi. Saa 1 usiku kwake ni 19:00. Anayeandika 1:00 atakuta taa ya veranda imewaka saa 7 usiku na jioni nzima ilikuwa giza. Afadhali utumie ratiba ya machweo: Mbeya jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na robo jioni kutegemea mwezi, na programu inajirekebisha yenyewe ukiweka mahali ulipo kwa usahihi. Ongeza dakika 10 baada ya machweo, inatosha.

Amri za ndani. Washa chaguo la kudhibiti kupitia mtandao wa nyumbani, ili bando likiisha simu iliyo kwenye Wi-Fi ileile iendelee kuwasha taa. Ukiwa safarini bila intaneti nyumbani, hakuna ujanja.

Yanayokwama baadaye

Moduli inayopotea na kurudi kwenye programu kwa kawaida ina mtandao hafifu. Kuta nene za matofali ya kuchoma zinameza mawimbi. Angalia namba ya nguvu ya mtandao kwenye programu: kati ya −50 na −65 ni nzuri, −75 inavumilika, chini ya −80 utalalamika kila siku. Kuisogeza ruta kutoka nyuma ya televisheni hadi juu ya kabati, karibu na dari, huongeza nguvu kuliko watu wanavyotegemea, kwa sababu mawimbi yanapenya jipsamu kirahisi na moduli zako ziko hukohuko juu. Kwa nyumba ndogo ya nyuma yenye bati, weka kirudishio cha Wi-Fi.

Taa ya LED yenye mwanga hafifu ikiwa imezimwa, hata kwa moduli yenye nyutro, husababishwa na waya ndefu zinazokwenda sambamba ndani ya bomba moja. Umeme kidogo unaruka kutoka laivu hadi waya wa taa. Kile kifaa cha kupitishia mkondo kinatibu hili pia.

Moduli kadhaa zikifa siku moja, tafuta radi au umeme uliorudi kwa kishindo. Kuanzia Novemba hadi Aprili nyanda hizi za juu kusini zina ngurumo nyingi. Kikinga mshtuko cha aina ya 2 kifungwe ndani ya meni, lakini kikinga bila ethi nzuri ni pambo. Kwenye majabali ya Gangilonga, Iringa, fimbo ya ethi mara nyingi hugonga mwamba kabla haijazama. Fundi achimbe mfereji na kulaza shaba, au aunganishe fimbo kadhaa, kisha apime ukinzani kwa mita yake.

Inveta za bei nafuu zisizotoa mawimbi safi hufanya moduli zilie "zzz", zijizime au zife. Pima kwa moduli moja kwa wiki kabla ya kufunga zote.

Kila moduli inakula nusu wati hadi wati moja muda wote. Wati moja kwa mwezi ni takriban uniti 0.7, kwa hiyo moduli nane zinakula uniti tatu hadi sita. Aliye kwenye tarifu ndogo ya uniti 75 kwa mwezi na anayecheza karibu na kikomo azihesabu.

Mwisho, andika karatasi na uibandike ndani ya mlango wa meni swichi: taa zipi zina moduli, zimekaa wapi darini, na breka ipi inazilisha. Fundi atakayekuja kupima uimara wa ganda la waya kwa megga hupiga volti 500, na moduli iliyoachwa kwenye saketi haitoki hai, au itampa majibu ya uongo kwamba waya zimeoza. Azichomoe kwanza, apime, azirudishe.